Lenzi za usiku kwa watoto: adui mkubwa ni maji ya bomba

Kwa mzazi ambaye miwani ya mtoto wake huongezwa namba kila mwaka, ahadi hii inavutia: mtoto avae lenzi anapokwenda kulala, azivue asubuhi, kisha aende shule na kusoma ubaoni bila miwani. Si uongo. Lenzi hizo zipo, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha za kwanza za kulala nazo mwaka 2002. Lakini jicho la mtoto linapitia nini usiku kucha, likiwa limefumbwa na lenzi ndani yake?

Lenzi zenyewe ni ngumu, tofauti na zile laini zinazokunjika, ingawa hupitisha oksijeni. Zimechongwa ili zibonyeze taratibu katikati ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kiwe bapa kidogo. Umbo hilo halidumu. Mtoto akiacha kuzivaa, ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa konea hurudi ilivyokuwa, na namba ya miwani hurudi nayo. Anayewaambia wazazi kuwa lenzi hizi zinaponya macho anawadanganya.

Faida nyingine ndiyo iliyozipa umaarufu kwa watoto. Kutoona mbali mara nyingi hutokana na jicho kurefuka kupita kiasi, na jicho refu sana lina hatari zaidi ya kubanduka retina ukubwani. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia watoto wa miaka 6 hadi 10 kwa miaka miwili, ulikuta macho ya waliovaa lenzi za usiku yalirefuka polepole kwa asilimia 43 kuliko ya waliovaa miwani ya kawaida. Ni faida kubwa, na ndiyo sababu madaktari wengi wa macho wanaziheshimu.

Madhara madogo yapo: macho kukwaruza siku za mwanzo, taa za usiku kuonekana na duara la mwanga, lenzi kuhama katikati ya jicho na kuacha uoni wenye ukungu. Wakati mwingine lenzi huganda asubuhi. Isivutwe kwa nguvu. Mtoto awekewe matone ya kulainisha macho aliyopewa kliniki, asubiri dakika chache, kisha ukope wa chini ubonyezwe taratibu hadi lenzi icheze.

Dhara la kuogopwa ni maambukizi ya konea. Jicho likifumbwa hupata oksijeni kidogo, na machozi hayazunguki kuliosha kama mchana. Mchubuko mdogo na kijidudu kimoja vinatosha. Mapitio ya visa 50 vya kwanza vilivyoripotiwa duniani, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kuwa asilimia 80 vilitoka Asia Mashariki na wengi wa walioathirika walikuwa watoto wa miaka 9 hadi 15. Katika asilimia 30 ya visa hivyo mhusika alikuwa akanthamoeba, amiba anayeishi majini, yakiwemo maji ya bomba. Huyu ni mbishi kutibu. Dawa zake hutumika kwa miezi, na kovu analoacha kwenye konea linaweza kuondoka na uoni. Chanzo hakikuwa uzembe wa familia peke yake, maana kwa miaka mingi kusuuza lenzi ngumu kwa maji ya bomba kulikuwa jambo la kawaida, hata kwa ushauri wa wataalamu.

Hatari hiyo ni kubwa kiasi gani leo? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulikadiria maambukizi kama 14 kwa kila watoto 10,000 wanaovaa lenzi hizi kwa mwaka mmoja. Makadirio hayo yalitokana na visa viwili tu, hivyo yasishikwe kama namba ya kuapia.

Ndiyo maana mzazi anayezifikiria aanze kulitazama bafu lake kabla ya pochi yake. Maji ya bomba, ya tangi, ya kisima, hata yaliyochemshwa, yasiguse lenzi wala kikasha chake. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa kwa taulo safi kabla ya kushika lenzi. Mtoto aoge kwanza, lenzi zifuate. Kwa familia inayoamka kutia udhu wa alfajiri, lenzi zitoke kabla ya uso kuguswa na maji. Dawa ya kusafishia imwagwe kila siku, isiongezwe juu ya ya jana, na kikasha kibadilishwe mara kwa mara kama kliniki ilivyoelekeza. Kazi hii ni ya kila usiku na kila asubuhi, kwa miaka. Mtoto wa miaka 8 hawezi kuachiwa peke yake, na nyumba ambayo mzazi anarudi saa nne usiku akiwa hoi ina haki ya kuchagua miwani bila kuona aibu.

Wapo watoto wasiofaa kabisa. Mwenye mzio wa macho, anayefikicha kutwa, tatizo ambalo kliniki za Afrika Mashariki hulikuta sana, atibiwe kwanza. Mwenye konea iliyochongoka kama koni asipewe. Anayeuza lenzi hizi bila kupima umbo la konea kwa mashine akataliwe hapo hapo, awe dukani au mtandaoni.

Jicho likiuma, likiwa jekundu, likikimbia mwanga au likiona ukungu, lenzi itoke na mtoto afike kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Matone ya duka la dawa yasijaribiwe kwanza. Mengine yana steroidi, ambayo hutuliza wekundu huku maambukizi yakichimba. Lenzi na kikasha vichukuliwe pia, bila kuoshwa, kwa sababu maabara inaweza kukipata humo kijidudu chenyewe.