Sindano mbili zikidanganya pamoja

Leo tuangalie tablo ya Land Rover Series III, gari iliyotengenezwa Uingereza toka 1971 mpaka 1985. Ni gari ya zamani, lakini wako wanaoipenda na kuitengeneza upya.

Kwenye tablo kuna sindano ya mafuta na sindano ya joto ya maji. Zote mbili zinapata umeme kwa kijisanduku kimoja kilicho nyuma, kinachoupunguza umeme wa batri mpaka karibu volti 10. Sasa, kama zote mbili zinapanda kupita kweli, usikimbilie kuzifungua. Mara nyingi kosa si lao. Chunguza masi ya kile kijisanduku: ikiwa legevu ao yenye kutu, umeme wote wa batri unapita. Hapo sindano inasema mafuta yako, kumbe utalala njiani. Kwangua kutu, kaza, pima tena.

Kama ile ya joto peke yake inadanganya, ngoja moteri ipoe, toa sonde yake, funga waya ya masi kwenye mwili wake, uitie katika maji ya moto pamoja na temometa. Huku Lubumbashi maji yanachemka karibu digri 96, si 100. Basi fuata temometa. Nyuma ya vipimo vingi vya namna hii kuna matundu mawili ya kurekebishia. Zungusha polepole.

Sindano iliyokufa ni afazali: utafungua kapo uangalie mwenyewe. Ile inayosema «baridi» wakati maji yanachemka itakulipisha moteri nzima.