MWENDO NI WA YULE WA MWISHO



Munajua maneno yanayosemwa tangu likizo ya Pasaka. Kisimani yanasemwa, sokoni yanasemwa, hata nyuma ya kanisa baada ya ibada yanasemwa: eti safari ya wanafunzi ya kila mwaka ifutwe. Komite ya wazazi itakaa juu ya jambo hili mwisho wa mwezi. Sisi makapita wa darasa la sita hatukuitwa kutoa mawazo yetu, na pengine ni haki, maana baada ya mtihani wa taifa hatutakuwa hapa tena. Lakini sisi ndio tuliokuwa mbele siku ile mlimani. Ukitaka kujua mtungi ulivunjika namna gani, uliza aliyeubeba. Kwa hiyo twaomba nafasi katika ukurasa huu.

Kwanza tueleze mambo yalivyokuwa, kwa maana habari imekwisha kuota pembe. Wengine wanasema chui alionekana. Hapana. Wengine wanasema mtoto alikufa na tunaficha. Hapana kabisa. Lakini yaliyotokea yanatosha.

Tulikuwa wanafunzi 46 na walimu wawili. Siku ya kwanza kamio ilitupeleka Tongoni, mahali pa Kasongo ya zamani. Wengi wetu tumezaliwa Kasongo, na hatukuwa tumefika pale hata mara moja! Jina lenyewe ni fundisho: tongo ni mahali watu walipokaa, kisha wakapaacha. Pale palikuwa mji wa Tippu Tip na wa mwanawe Sefu, mji wa pembe za ndovu, wa mashamba ya mpunga, na wa watumwa. Tarehe 22 mwezi wa nne 1893 Dhanis na askari wake waliingia mji ule, pamoja na watu wa Gongo Lutete. Leo majani yamefunika sehemu kubwa, na wataalamu wamekwisha kuchimba pale miaka hii ya karibuni, wakitafuta alama za maisha ya wakati ule. Tulisimama kimya. Hata wale wenye kelele katika darasa la tatu walinyamaza.

Siku ya pili tulilala Kabambare. Siku ya tatu tukapanda mlima mmoja ulio upande wa mashariki. Mwalimu wa historia alitaka tuone kwa macho yetu njia ya misafara ya zamani ilivyopita: kutoka Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, kupanda milima mpaka Kabambare, halafu Kasongo, halafu Nyangwe penye mto Lualaba. Katika darasa hiyo ni mstari juu ya karata. Mlimani ni kitu kingine, wandugu.

Kupanda kulikuwa kuzuri. Tuliimba. Mzee mmoja wa pale alituongoza, akatuonya: "Wajukuu, saa sita mugeuke. Mvua ya hapa haipigi hodi." Sisi wakubwa tulicheka moyoni. Saa sita tulikuwa bado hatujafika juu, tukasema twende kidogo tu. Saa saba tulifika. Saa nane mvua ikatukuta.

Asiyepata kushuka mlima katika mvua ya mwezi wa nne asiseme kitu. Njia ilikuwa nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwingine. Upande wa kuume ukuta wa mawe, upande wa kushoto hakuna kitu, ni ukungu tu, na chini ya ukungu unasikia maji yakipiga kelele. Udongo mwekundu ukawa kama sabuni. Mmoja wetu, kijana wa kucheza mpira, mwenye nguvu sana, alikaa chini akashuka kwa matako akishika mizizi, na hakuna aliyemcheka. Miguu ilitetemeka bila kutuomba ruhusa. Na hofu ikafanya kazi yake: kila mtu alitazama miguu yake mwenyewe. Sisi makapita tulikuwa mbele. Tulitembea upesi. Tulitaka kufika.

Chini ya mlima mwalimu aliuliza: "Wote wapo?" Tukajibu: "Ndiyo mwalimu, wote wapo."

Hatukuwa tumehesabu.

Tukapanda kamio. Ni mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliyeuliza kwa sauti ndogo, "Na wale watatu wako wapi?" Tulihesabu: 43. Tukahesabu tena: 43. Hatuwezi kueleza namna tumbo lilivyogeuka. Yule mzee hakusema neno. Alichukua tochi na panga, akarudi mlimani pamoja na mwalimu mmoja na wawili wetu. Giza lilikuwa linaingia. Tuliita majina, ukungu ulikula sauti. Mwishoni tulisikia wimbo wa kanisa, mbali sana. Walikuwa chini ya jiwe kubwa, watatu, wameshikana mikono: vijana wawili wa darasa la kwanza, na msichana mmoja wa darasa la pili. Mmoja wa wale vijana alikuwa ameteleza, mguu umevimba kama muhogo. Alipotuona hakulia. Alisema tu: "Yaya kapita, mulitutupa."

Basi, hiyo ndiyo habari yote. Mguu umepona. Lile neno halijapona.

Sasa wazazi wanasema: safari ifutwe. Tunawaheshimu wazazi wetu, na hofu yao ni hofu ya upendo. Lakini kwa heshima yote tunasema: si mlima uliowaacha watoto watatu. Ni sisi. Ukifuta safari, unawaadhibu wadogo kwa kosa la wakubwa, na wakubwa wanabaki na kosa lao bila kujifunza kitu.

Tufikiri vizuri njia ile ilikuwa njia gani. Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliandika Bambarre, katika mwaka 1869. Vidonda vya miguu vilimlaza pale siku nyingi katika mwaka 1870, na katika nchi hii ya Maniema alisoma Biblia nzima mara nne. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871 aliona kwa macho yake watu wakipigwa bunduki sokoni Nyangwe, mamia wakafa, wengi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Alipokuwa akirudi, tarehe 8 mwezi wa nane, katika siku moja tu aliponea kifo mara tatu: mikuki miwili ilimkosa kidogo, na mti mkubwa ulianguka karibu yake. Kwa hiyo hofu katika njia hizi si kitu kipya, na si aibu kuogopa.

Lakini kuna wengine waliopita njia ile bila kuandika kitabu. Ni babu zetu na bibi zetu, wamebeba pembe za ndovu begani, wengine wamefungwa shingo kwa minyororo au kwa mti. Katika misafara ya watumwa, aliyechoka mara nyingi aliachwa njiani au aliuawa, kwa sababu biashara haikungoja mtu. Mwendo ulikuwa wa yule mwenye bunduki, wala si wa yule mwenye kidonda.

Hapa ndipo roho inatuuma. Siku ya kwanza tulisimama Tongoni tukahukumu watu wa zamani. Tulisema, "Walikuwa wakali, walikuwa bila huruma." Siku ya tatu, bila bunduki, bila mnyororo, tukiwa na karanga na mihogo ya kuchoma katika mifuko yetu, tulifanya mambo yao. Tuliacha wa nyuma nyuma. Hatukuwa na biashara hata moja iliyotuharakisha. Tulikuwa na mvua tu.

Biblia inajua jambo hili. Katika Mwanzo sura ya 33, Esau anataka watembee pamoja, na Yakobo anakataa kwa upole: watoto ni wadogo, wanyama wananyonyesha, yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wao. Na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25 Waisraeli wanaambiwa wasisahau Amaleki. Kosa lake lilikuwa nini? Aliwapiga waliochoka, waliobaki nyuma ya msafara. Tumesikia mahubiri mengi juu ya Amaleki. Lakini tujiulize pia: wale wenye nguvu wa Israeli walikuwa wapi, mpaka waliochoka wakabaki peke yao? Pengine walikuwa mbele, kama sisi.

Kuna wazazi wengine wanaosema: safari iendelee, lakini wasichana wasiende tena. Tunapinga wazo hili kwa nguvu zote. Yule msichana wa darasa la pili hakuchoka wala hakuteleza. Angeweza kushuka pamoja nasi. Aliona mdogo ameanguka, akaita, hatukusikia, akabaki naye. Ni yeye aliyewaambia waimbe ili tusikie. Kati ya watu 46, huyo ndiye aliyefanya kazi ya kapita siku ile. Halafu tumfungie yeye nyumbani? Hiyo si hekima, wazazi wetu.

Sasa tuangalie wengine wanafanya namna gani. Mwalimu wa jiografia alitufundisha juu ya Machu Picchu, katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini. Ni mji wa mawe uliojengwa na Wainka katika karne ya 15, mita karibu 2,430 juu ya bahari, halafu ukaachwa. Nayo ni Tongoni ya watu wa kule. Pembeni yake unasimama mlima mkali sana, Huayna Picchu, wenye ngazi nyembamba za mawe. Mahali pengine mpandaji anashika kamba ya chuma asianguke. Watu wanatoka dunia nzima kwenda kutetemeka pale, na wanalipa feza yao!

Je, wenye nchi waliufunga mlima kwa sababu watu wanaogopa? Hapana. Waliweka sheria. Anayepanda Huayna Picchu anaandika jina lake katika daftari mlangoni, na akishuka anatia saini tena, ijulikane kama amerudi. Kwa njia ya zamani ya Wainka inayofika Machu Picchu, watu 500 tu wanaruhusiwa kuanza kwa siku, pamoja na viongozi na wapagazi. Bila kiongozi haupiti. Na katika mwezi wa pili, wakati wa mvua nyingi, njia inafungwa na kutengenezwa.

Tunaona kitu kimoja: daftari. Si kamba ya chuma tu inayookoa mtu, daftari pia. Daftari yetu ingekuwapo siku ile, wale watoto watatu wasingekaa gizani. Daftari na kalamu, je, shule yetu haina? Hata karatasi hii munayosoma inatosha kuandika majina 46.

Kwa hiyo tunaleta mbele ya Bwana Prefe wa masomo na komite ya wazazi mawazo haya:

1. Safari iendelee kila mwaka, kwa wavulana na wasichana, lakini mlima upandwe wakati wa kiangazi tu.

2. Majina yote yaandikwe katika daftari. Wahesabiwe chini, wahesabiwe juu, wahesabiwe tena chini, na kila mmoja aitikie kwa jina lake mwenyewe. "Wote wapo" lisikubaliwe tena kuwa jibu.

3. Wadogo watembee karibu na kiongozi, mbele. Makapita watembee nyuma kabisa. Kapita awe mtu wa mwisho kufika.

4. Mzee wa mahali akisema saa sita mugeuke, saa sita tugeuke, hata kama kilele kinaonekana.

5. Kila mkubwa apewe mdogo mmoja, na kama mdogo hayupo, mkubwa asile.

Wengine katika darasa letu walisema tusiandike habari hii, kwa maana kapita anayejishitaki anapoteza heshima. Tulijadiliana usiku mbili. Mwishoni tuliona hivi: heshima ile tuliiacha mlimani, chini ya jiwe. Kama tunataka kuipata tena, ni lazima turudi tuichukue, kama tulivyorudi kuwachukua wale watatu.

Kwa ninyi watatu hatutaji majina yenu hapa, munajijua. Mbele ya shule yote tunasema: tulikosa. Tulisema mupo na hamukuwapo. Mutusamehe. Na ninyi wa darasa la tano, mutakaopokea kazi hii kwetu mwezi wa kenda, musipokee kitambaa cha mkononi tu. Mupokee na daftari pia. Mtakapofika chini ya mlima, mvua inanyesha, giza linaingia, kamio inapiga honi, na mwalimu anauliza kama wote wapo, mungoje kidogo kabla ya kujibu. Mugeuke. Mutazame nyuma.

Tubaki na amani ya Bwana.

Kapita mkuu, kwa jina la makapita wote wa darasa la sita