Leseni zibandikwe ukutani

Sisi vijana wa Nakivale tunasema wazi: wenye leseni ya tiba shufaa, ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona, wajulikane. Tangu 2004 Uganda inaruhusu manesi waliosomea tiba hiyo kuandika morfini ya maji, na serikali inaitoa bure. Mobile Hospice Mbarara iko kazini tangu 1998. Safi. Lakini huku kambini, mama ana kansa, anakuja mtu na begi, anaomba pesa ya dawa hiyo hiyo. Tutamjuaje? Jamani, Wizara ya Afya ibandike majina yao kila kituo cha afya, kwa Kiswahili pia, na namba ya kulalamikia. Ila makaratasi yasizidi: nesi akiogopa kuandika dawa, mama atalala na maumivu.