Mafuta ya Taa na Chaji ya Simu



Padre wetu ana desturi moja ambayo Wakristu wa kigango chetu wameizoea. Ajapo kutusomea Misa, mara moja kwa mwezi, hakosi kuchukua kitu cha nyumbani au cha njiani na kutuuliza: Je, kitu hiki chatufundisha nini? Safari moja alichukua jembe lililolegea mpini; safari nyingine pikipiki yake mwenyewe, iliyokwama mtoni. Mara hii amechukua simu ya mkononi, na simu yenyewe ilikuwa yetu. Tungependa kuyanyamazia mambo haya, maana yanatuaibisha. Lakini mwalimu afichaye jeraha lake huwanyima wengine dawa. Basi tutayasimulia kama yalivyokuwa.

Alikuwako kwetu mzee mmoja, mkatekumeni, aliyekwisha kufundishwa miaka miwili. Jina lake lilikuwa katika daftari letu, abatizwe katika Mkesha wa Pasaka. Kifua kilikuwa kikimsumbua, nasi tuliwaagiza watu wa nyumbani kwake: "Hali ikibadilika, tupigieni simu, usiku au mchana." Wakairidhia shauri hiyo, wakaiandika namba yetu kwa mkaa ukutani, karibu na mlango.

Jumapili moja ya Kwaresima, baada ya ibada na mafundisho, tulirudi nyumbani tumechoka. Tukaketi barazani, tukaifungua simu ili kutazama mchezo wa mpira wa ng'ambo. Mpira ulipokwisha hatukuifunga. Tukaendelea kusoma mabishano ya watu juu ya mchezo ule, nani amekosea na nani ameonewa. Jua likachwa. Mama wa nyumba yetu akawaita watoto kwa Rozari. Tukamjibu kutoka barazani: "Anzeni, tunakuja." Wakaanza, wakamaliza, sisi hatukuja.

Kijijini kwetu nguzo za umeme hazijafika. Simu hupata nguvu kwa umeme wa jua, na jua likichwa hakuna njia mpaka kesho. Yapata saa mbili ya usiku simu ikazimika mkononi mwetu, na simu nyingine nyumbani hatuna. Tukaiweka juu ya kabati, tukala, tukalala.

Saa nne mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa mjukuu wa yule mzee, kijana mdogo, ametoka jasho mwili mzima kwa kukimbia kutoka ng'ambo ya mto. Akasema: "Shikamoo, Mwalimu. Tumekupigia simu mara nyingi, haipatikani. Babu anakuita." Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulichukua kitabu cha sala na chupa ya maji, tukatoka naye gizani.

Tulipofika, watu walikuwa wameketi kimya. Mzee alikuwa amelala kitandani, macho wazi, kichwa kimelowa maji. Kando yake alisimama mjukuu wake wa kike, msichana wa miaka kumi na mitatu, ameshika kikombe. Alipotuona akaanza kulia, akasema: "Mwalimu, nimembatiza. Je, nimekosa?"

Tukamwuliza alivyofanya. Akaeleza kwamba aliona pumzi za babu yake zinapungua, na Mwalimu haonekani. Akamwinamia, akamwuliza kama anamsadiki Mungu mmoja, na Yezu Kristu aliyekufa kwa ajili yetu akafufuka, na kama anataka ubatizo. Mzee akaitika kwa sauti ndogo, mara mbili. Ndipo akammiminia maji kichwani huku akimbatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Akampa jina la Yosefu, kwa sababu babu yake alipenda kuitazama sanamu ya mtakatifu huyo kanisani.

Hakukosa neno hata moja. Tukamwambia: "Hukukosa, mwanangu. Aliyekosa ni mwingine." Tukasali pamoja nao sala za wanaokufa, na kabla ya jogoo kuwika Mzee Yosefu akaaga dunia.

Wasomaji wetu wajue kwamba binti yule alifanya kwa haki kabisa. Sheria ya Kanisa yasema kwamba katika haja kubwa mtu ye yote mwenye nia ifaayo aweza kubatiza, nayo yawaagiza wachungaji waangalie kwamba waamini wanafundishwa namna ya kufanya hivyo. Yule binti alifundishwa nasi wakati wa mafundisho ya Kipaimara. Lakini wangapi tuliwafundisha siku ile, na wangapi wamesahau! Yeye hakusahau, maana mama yake, kila jioni wakimenya mihogo, humwuliza maswali ya katekisimu, moja leo na moja kesho.

Asubuhi jua lilipopanda, simu yetu ikawaka. Ikatuonyesha kwamba usiku tumetafutwa mara saba. Kwa simu ile ile tukampasha Padre habari, naye mchana akafika kwa pikipiki kumzika Mkristu wake mpya. Baada ya maziko alikuja kwetu kunywa chai, nasi tukamwambia yote, hata habari ya Rozari. Mwisho tukasema: "Baba, tumekata shauri kuiuza simu hii."

Padre hakukubali. Akauliza: "Mwalimu, leo asubuhi uliniitaje?" Tukanyamaza. Akatueleza kwamba Kanisa halikuvikimbia vyombo vya namna hii. Papa Pius XI alikuwa na redio yake mapema, iliyofunguliwa Vatikano tarehe 12 Februari 1931, naye aliyeisimamia kazi ya kuijenga alikuwa Marconi mwenyewe, bingwa wa redio. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake juu ya vyombo vya habari tarehe 4 Desemba 1963. Na mwaka 2025, tarehe 7 Septemba, Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 kwa saratani ya damu, mwenye miaka 15. Huyo alikuwa hodari wa kompyuta, akaitumia kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Lakini michezo ya kompyuta, ambayo aliipenda kama vijana wote, husimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa juma.

Padre akaendelea kusema kwamba Kanisa hilo hilo hutuonya pia. Hayati Papa Fransisko, tarehe 8 Novemba 2017, alisikitika mbele ya watu kwa kuwa wengine, hata mapadre na maaskofu, huinua simu wakati wa Misa, hali padre anawaalika kuinua mioyo. Na tarehe 29 Desemba 2019, sikukuu ya Familia Takatifu, aliwauliza wazazi na watoto kama wanazungumza mezani, au kila mmoja ameinamia simu yake.

Kisha Padre akachukua simu yetu, akaiweka mezani karibu na kibatari chetu cha zamani, akatukumbusha wanawali kumi wa Injili. Akasema: "Wale watano wapumbavu hawakuwa wezi wala waasherati. Walikuwa na taa kama wenzao, nao walimpenda bwana arusi, maana walitoka kwenda kumlaki. Kilichowapungukia ni mafuta tu, saa ile ile alipokuja. Mwalimu, kuutazama mpira si dhambi. Lakini mafuta ya jirani yako uliyamwaga barazani."

Neno hili lilituingia kuliko hotuba ndefu. Maana tulikuwa tumeogopa simu kama chombo cha maovu, tukawaonya vijana juu ya picha mbaya na michezo ya kamari, na kweli yatupasa kuwaonya. Lakini sisi tulishindwa na kitu kisicho na ubaya, kilichotumaliza kidogo kidogo: kwanza nguvu ya simu, kisha saa ya sala, kisha masikio ya kumsikia mgonjwa. Na asemaye moyoni mwake, "Mimi sitazami maovu," ajiulize pia: Je, nikiitwa saa hii, nitapatikana?

Basi nyumbani kwetu tumeweka kanuni tatu, nasi twawashirikisha ninyi. Ya kwanza, jua likichwa simu huwekwa juu ya kabati, sauti yake wazi, na nguvu yake haipungui nusu. Ikilia kwa ajili ya mgonjwa, twaondoka hata kama Rozari haijaisha. Ya pili, baba ndiye aanzaye Rozari, wala hasemi, "Anzeni, ninakuja." Ya tatu, kila juma mtoto mmoja anatuonyesha, kwa kikombe cha maji na mwanasesere, jinsi ya kumbatiza mtu aliye katika hatari ya kufa. Walimu wenzetu, liulizeni neno hilo katika vigango vyenu. Msidhani kwamba wakubwa wanalijua. Sisi tulipowauliza wakubwa wetu, wengi walichanganya maneno.

Ile namba yetu ingali ukutani katika nyumba ya marehemu. Tulitaka waifute, lakini binti yule alikataa, akasema bibi yake naye ni mzee. Kila tupitapo pale twaiona, nasi jioni hatusahau kuitazama simu kama ina nguvu.

Mwombeeni Mzee Yosefu, nasi pia mtuombee. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.