Tiketi mbili, kampuni mbili: ndege ya kwanza ikichelewa, nani analipa?

Kwa wakaaji wa Goma na Bukavu, safari ya ndege inaanzia ng'ambo ya mpaka. M23 ilichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, na ndege za kawaida za abiria zikaacha kutua Goma na Kavumu. Anayekwenda Dubai au Ulaya anavuka kwanza hadi Kigali au Entebbe. Hata kwenda Kinshasa kumekuwa safari ya kimataifa: serikali ya Congo ilisimamisha safari za RwandAir nchini mwaka 2022, kwa hiyo anayetokea Kigali hulazimika kubadilisha ndege Nairobi, Addis Ababa au Entebbe.

Hapo ndipo mtego ulipo. Wasafiri wengi hununua tiketi mbili za makampuni mawili, ama kwa sababu jumla yake ni nafuu, ama kwa sababu ndizo zinazopatikana siku wanayotaka. Ndege ya kwanza ikichelewa saa mbili na ya pili ikaondoka, hasara inamwangukia msafiri. Kugombana na mfanyakazi wa kaunta hakusaidii, kwa sababu jibu limo ndani ya tiketi zenyewe.

Mikataba miwili isiyojuana

Tiketi ni mkataba. Mwenye tiketi moja yenye vipande viwili, hata vikirushwa na makampuni tofauti yanayoshirikiana, ameahidiwa kufikishwa mwisho wa safari. Akikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza ilichelewa, hutafutiwa nafasi nyingine bila kudaiwa nauli mpya. Mzigo wake nao kwa kawaida huandikiwa hadi mwisho wa safari.

Mwenye tiketi mbili ana mikataba miwili isiyojuana. Kampuni ya kwanza iliahidi kumfikisha Nairobi, na imemfikisha, ingawa amechelewa. Ya pili ilikuwa tayari kumpeleka Kinshasa, lakini hakutokea. Katika kompyuta zake anaandikwa kuwa abiria asiyefika, na mara nyingi vipande vyote vilivyobaki kwenye tiketi hiyo vinafutwa, pamoja na safari ya kurudi. Anayedhani amepoteza njia ya kwenda anakuja kugundua kwamba amepoteza na ya kurudi.

Makampuni kuwa katika muungano mmoja, kama Star Alliance, hakutoshi kugeuza tiketi mbili kuwa moja. Wala kulipa mara moja kwa ajensi mmoja na kupewa risiti moja hakutoshi.

Sheria inasema nini

Mkataba wa Montreal wa 1999, unaosimamia safari za kimataifa, unaitambua safari ya makampuni kadhaa kuwa safari moja pale tu pande zote zilipoichukulia hivyo tangu mwanzo. Kifungu cha 19 kinaruhusu kudai hasara iliyotokana na kuchelewa. Tangu mwisho wa Desemba 2024, kiwango cha juu kwa abiria ni haki maalumu 6,303 za Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani zaidi ya dola 8,000. Lakini hicho ni kikomo, si malipo ya moja kwa moja. Msafiri anapaswa kuthibitisha hasara yake, na kampuni inaepuka kulipa ikionyesha kwamba ilichukua hatua zote zinazofaa.

Tofauti inaonekana wazi zaidi kwa ndugu walioko Ulaya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inahusu kila ndege inayoondoka katika nchi za Umoja huo. Chukua mtu anayetoka Paris hadi Nairobi, kisha Kigali. Ndege ya kwanza inachelewa saa mbili, anakosa ya pili, anafika Kigali kesho yake. Akiwa na tiketi moja, kuchelewa kunahesabiwa hadi Kigali, na anaweza kudai euro 600, isipokuwa kama kulikuwa na sababu zisizo za kawaida. Akiwa na tiketi mbili, kunahesabiwa hadi Nairobi tu. Saa mbili hazifikii saa tatu zinazotakiwa, hivyo hapati fidia hiyo.

Visa pia ni tatizo

Mwenye tiketi mbili mara nyingi lazima atoke nje, achukue mzigo wake na kujiandikisha upya. Hiyo ni kusema ameingia nchini, na anahitaji ruhusa ya kuingia. Kwa Wakongomani, Ulaya ina ugumu zaidi: Congo imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji visa ya transiti ya uwanja wa ndege katika eneo la Schengen, hata wasipotoka nje, isipokuwa baadhi yao kama wenye visa halali ya Marekani au Canada. Anayekwama bila visa hawezi kwenda kulala hotelini mjini akisubiri ndege nyingine.

Kabla na baada

Swali la kumuuliza ajensi kabla ya kutoa pesa ni moja: je, safari yote iko kwenye tiketi moja hadi mwisho? Akijibu hapana, tofauti ya bei ilinganishwe na gharama ya tiketi mpya inayonunuliwa siku ileile. Kama hakuna njia nyingine, kulala usiku mmoja katika mji wa kubadilishia ndege ni salama kuliko kuacha saa tatu. Anayeanzia Goma ahesabu pia barabara na saa za mpaka.

Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili ijulishwe kabla ndege yake haijaondoka: mara nyingi tarehe hubadilishwa kwa malipo madogo kuliko nauli mpya. Kampuni ya kwanza iombwe karatasi inayothibitisha kuchelewa. Kadi za kupandia ndege na risiti za hoteli zitunzwe, kwa kuwa Mkataba wa Montreal unatoa miaka miwili ya kufungua kesi.

Maajensi nao wana deni. Wanajua wanapouza tiketi mbili, lakini mteja wa Goma au Bukavu huona karatasi moja tu. Kuandika juu ya karatasi hiyo kwamba safari ina mikataba miwili hakuna gharama yoyote, na kungemwezesha mteja kuchagua akijua anachonunua.