RANGI YA CHAI ISITUDANGANYE

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi mkutanoni italetwa hoja kwamba duka letu liagize makatoni ya chai ya kijani kutoka mjini, eti kwa ajili ya wajawazito na watoto, kwa kuwa "haina kafeini". Naipinga hoja hiyo mapema, ili kila mtu apate siku za kuifikiria. Kafeini, kwa asiyelijua jina, ni kile kitu kilichomo ndani ya chai na kahawa kinachotufungua macho asubuhi na kutunyima usingizi usiku.

Sasa tusikilizane. Chai ya kijani, chai nyeusi na chai nyeupe ni mti mmoja, huu huu tunaoupalilia. Tofauti inaanzia kiwandani. Ya kijani hupashwa moto au mvuke mapema ili isigeuke rangi. Nyeusi hunyaushwa, hukatwakatwa na kuachwa ipigwe na hewa mpaka iwe nyekundu, ndipo ikaushwe. Kazi hiyo inageuza rangi na ladha, lakini kafeini haiondoi. Tena sisi wachumaji tunatakiwa kujua zaidi: tunachuma majani mawili na chipukizi, na hayo machanga ndiyo yenye kafeini kuliko majani yaliyokomaa. Chai nyeupe inayosifiwa kuwa laini hutengenezwa kwa machipukizi hasa. Weupe wake si upole.

Wapo wanaobisha kwamba ya chai ni "theini", si kafeini. Jina hilo lilitolewa mwaka 1827, na mwaka 1838 wanakemia wakaonyesha kuwa ni kitu kile kile kilicho ndani ya kahawa. Ubishi huo ulikwisha zamani.

Tuje kwenye hesabu. Kikombe cha mililita 240 cha chai nyeusi kina kafeini kama miligramu 45, cha chai ya kijani kama 30, cha kahawa ya kuchuja kama 95. Ni makadirio, maana hupanda na kushuka kwa wingi wa majani, umoto wa maji na muda wa kuloweka. Kijani iliyokolezwa inaweza kuipita nyeusi iliyo nyepesi. Kwa hiyo ni kweli kwamba kijani kwa kawaida ina pungufu, lakini pungufu na "haina" ni maneno mawili mbalimbali.

Halafu, jamani, nani hapa kijijini anakunywa mililita 240? Sisi tuna vikombe vya bati vya nusu lita, na majani yetu ni ya kusagwa, yanachemka ndani ya sufuria mpaka chai iwe kama damu ya mzee. Majani ya kusagwa hutoa kafeini upesi kuliko majani mazima. Kikombe hicho kimoja ni miligramu 90 au zaidi. Na maziwa hayaiui kafeini, yanapunguza ukali ulimini tu.

Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilitoa vipimo vya siku: mtu mzima mwenye afya asizidi miligramu 400, mjamzito 200, na mtoto miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni 45. Yaani bati moja la asubuhi limempita mara mbili, na jioni anapewa jingine! Mama mjamzito naye, kafeini hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kwa wengine. Hata kwa sisi wazima, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo. Ukinywa saa kumi na mbili jioni, saa tano ya usiku unageuka-geuka kitandani na kulaumu kunguni.

Kwa hiyo kusudi la wenye hoja ni zuri. Dawa yao ndiyo siikubali. Tutoe pesa za ushirika kununua kwa bei kubwa jani lile lile tuliloliuza kwa bei ndogo? Mchaichai umeota nyuma ya jiko karibu kila nyumba, na tangawizi tunayo. Hivyo viwili havina kafeini hata chembe, wala si lazima vitoke mjini.

Napendekeza hivi: tununue birika la pili kwa mikutano ya jioni na siku za kliniki, lipikwe mchaichai, na anayetaka chai nyeusi aikute kwenye birika la kwanza. Watoto wa chekechea wapewe mchaichai au uji. Siku duka likitaka kuuza chai iliyoondolewa kafeini, paketi iwe imeandikwa hivyo wazi, na wanunuzi waambiwe kuwa hata hiyo hubakiza kidogo.

Ndugu Katibu, naomba pendekezo la birika liandikwe kwenye ajenda kabla ya lile la makatoni.

Mwanachama, mkulima wa chai