Konokono wa Kilindini na Wodi za Mulago

Katika hospitali ya Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1913 juu ya kilima chake na kujengewa jumba lake kubwa mwaka 1962, huletwa mara kwa mara wavuvi na akina mama kutoka pwani za Ziwa Albert na visiwa vya Ziwa Viktoria, wenye matumbo yaliyofura maji na wengu uliokua kupita kiasi, baadhi yao wakitapika damu kwa kuwa ini limekakamaa na mishipa ya umio imepasuka. Tabibu huyajua maradhi yao kuwa ni kichocho cha matumbo, na mpimaji wa maabara huliona chini ya darubini yai la mdudu wake, lenye mwiba mmoja uliochomoza ubavuni. Lakini aliyemlea mdudu huyo kabla hajaipenya ngozi ya mwanadamu ni konokono mdogo wa majini, na katika nchi hii ya Uganda waliojifunza kumtambua konokono huyo kwa gamba lake ni wachache mno kwa kazi iliyopo.

Vidonge vya prazikwanteli, ambavyo Uganda ilianza kuvigawa kwa mpango wa taifa mwaka 2003, huwaua wadudu waliomo mwilini, na ni neema kubwa. Ila havimzuii mtu kuambukizwa upya kesho yake anapoingia majini kuvuta mtumbwi. Ndiyo maana nashikilia kwamba ilimu ya magamba ni sehemu ya utabibu, na inastahili nafasi katika mafunzo ya Mulago sawa na ilimu ya damu na mkojo.

Na tulitazame gamba lenyewe. Ukilishika kwa vidole viwili, ncha juu na mdomo ukikuelekea, utaona kwanza kama mdomo uko kuume au kushoto: ukiwa kuume, na gamba likawa jembamba lililochongoka, tena mwenyewe akiwa na kifuniko cha kufungia mlango wake, basi huyo si mwenyeji wa kichocho chetu; ukiwa kushoto, na kilele kimeinuka, yamkini ni Bulinus, ambaye jamaa zake hubeba kichocho cha mkojo, kinachopatikana katika sehemu za Lango. Lakini gamba likiwa halina kilele kabisa, limelala bapa kama kamba ya mashua iliyokunjwa duara juu ya sitaha, yamkini umekwisha mpata Biomphalaria, na hapo ndipo kazi ya jicho inapoanza.

Kwani yuko Biomphalaria sudanica, akaaye ukingoni katika mafunjo na matete, ambaye gamba lake ni pana na jembamba, lenye mizunguko mingi iliyobanana, kila mmoja ukiwa mkubwa kidogo tu kuliko uliotangulia. Na yuko Biomphalaria choanomphala, akaaye mbali na ukingo, katika mchanga na tope la chini ya maji ya kina, ambaye gamba lake aghalabu halifiki sentimita moja, mizunguko yake ni michache, wa mwisho hupanuka ghafla hadi mdomo ukawa mkubwa kwa kadiri ya mwili, na kitovu chake kimezama ndani. Mdenmaki G. Mandahl-Barth, aliyechapisha mwaka 1954 kitabu juu ya konokono wa maji baridi wa Uganda na nchi jirani, aliwapambanua hawa kwa lenzi, rula na subira, na wapimaji wa leo wangali wakizitumia alama za namna hiyo.

Huyu wa kilindini ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu haonekani. Afisa wa afya anayetembea ukingoni na chekeche yake, akichota katika matete, hurudi na sudanica na kuandika hesabu yake kwa uaminifu. Ilhali choanomphala, ambaye naye hubeba mdudu wa kichocho, aghalabu hapatikani ila kwa chombo kizito cha kukokotwa chini ya ziwa kwa kamba kutoka mashuani. Wako wanaodhani kwamba kijiji kikikata matete yake kimekwisha salimika. Ziwa halina adabu hiyo: mdudu aliyetoka kwa konokono huishi majini muda upatao siku moja, naye huchukuliwa na mawimbi.

Nitaambiwa kwamba zama za magamba zimepita, maadamu siku hizi vinasaba husomwa kwa mashine, tena vinasaba hivyo vimeelekea kuonyesha kwamba wawili hawa wa Ziwa Viktoria huenda wakawa aina moja iliyovaa maumbo mawili kwa kuyafuata makazi yake. Nakubali, na naona hoja hiyo inaniunga mkono. Ikiwa umbo hufuata makazi, basi gamba lenyewe ni shahidi wa mahali lilipokulia, na mpimaji aliyeokota ufukoni Entebbe gamba dogo lenye mdomo mpana ana dalili nzuri kwamba lilikotoka gamba hili jepesi wako hai wengine, huko chini; wala hakuhitaji mashine kulijua hilo, alihitaji mwalimu.

Ninaloliomba kwa wakuu wa Wizara ya Afya na wa chuo cha utabibu cha Makerere kilichoko Mulago si kubwa. Kila mwanafunzi wa maabara apewe kisanduku cha magamba halisi, kila moja na karatasi yake yenye jina la ziwa, kina cha maji na tarehe, ayapange kwa mkono wake mpaka aweze kuwatenga wa ukingoni na wa kilindini bila kusitasita. Na kila upimaji wa kichocho katika vijiji vya wavuvi utengewe mashua, petroli na chombo cha kukokota, ili hesabu za konokono zinazopelekwa wizarani zihusu ziwa zima, pamoja na maji ambayo afisa hawezi kuyafikia kwa buti zake.